Sadaka ya Mwanasesere wa Sufu

 

Ndugu zangu Waislamu, na kina mama mlio nyuma ya pazia, nawausia, nami naiusia nafsi yangu kwanza, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Leo nataka tuzungumze juu ya wanasesere. Naona baadhi ya wazee wa safu ya mbele wameinua nyuso. Ndiyo, wanasesere: wale wa uzi, wanaofumwa kwa mkono na kujazwa pamba wakanenepa. Tangu Idi ipite, kina mama wa darasa la alasiri wanawafuma kwa ajili ya watoto waliolazwa hospitalini na wale wanaolelewa katika vituo vya yatima, na maneno yameanza kupita barazani. Mmoja anasema huo ni mchezo tu. Mwingine anauliza kama si sanamu hizo. Wa tatu, na huyu ndiye mwenye hoja nzito, anasema: mtoto ana njaa, mnampelekea mdoli? Basi na tuyatazame haya kwa elimu, maana pale barazani fatwa zinazotoka ni nyingi kuliko vikombe vya kahawa.

Yuko bibi mmoja katika maswahaba, Rubayyi bint Muawwidh, katika Ansari wa Madina. Baba yake ni mmoja wa wale vijana, wana wa Bi Afraa, waliomvamia Abu Jahl siku ya Badr, na katika vita hivyo hivyo naye akafa shahidi. Kwa hiyo Bi Rubayyi ni mtu aliyeujua uyatima kwa kuuonja. Alipoolewa, Mtume (s.a.w.) alimwendea nyumbani asubuhi ya arusi, akaketi, na wasichana wakapiga dufu wakiwataja wazee wao waliouawa Badr. Mmoja wao akachomeka maneno kwamba kati yao yuko Nabii anayejua yatakayokuwa kesho. Mtume akamwambia aliache hilo, aendelee na yale aliyokuwa akiyasema. Alisahihisha itikadi, na dufu likaendelea. Sisi tungelinyang'anya dufu.

Bibi huyu huyu ndiye aliyetupokelea habari ya saumu ya siku ya Ashura, na imo katika Bukhari na Muslim. Asubuhi ya siku ile Mtume alituma watu katika vitongoji vya Ansari kuizunguka Madina: aliyeamka amefunga aitimize saumu yake, na aliyekwisha kula ajizuie siku iliyobaki. Bi Rubayyi anasimulia kwamba tangu hapo wakawa wanaifunga siku hiyo, na wakiwafungisha hata watoto wao wadogo. Walikwenda nao msikitini. Na waliwatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufu; mtoto akililia chakula, walimpa kile cha sufu kimshughulishe, mpaka wakati wa kufuturu ufike.

Nimeisoma hadithi hii mara nyingi nikitafuta hukumu ya saumu ya mtoto, kama wanavyofanya wanafunzi wa fiqhi, na hukumu imo: mtoto halazimiki, bali anazoezwa. Lakini leo nawaomba muiache hukumu pembeni kidogo, muwatazame wale kina mama. Wamefunga wenyewe. Wana njaa wenyewe. Na kabla mtoto hajalia, wamekwisha kukaa wakafikiri: saa fulani ya mchana huyu atalia, tumwandalie nini? Neno lililotumika katika hadithi kwa ile sufu, wanazuoni wengi wamelifasiri kuwa ni sufu iliyotiwa rangi. Yaani hawakuokota kitambaa kibovu wakakifunga fundo. Palikuwa na sufu, palikuwa na rangi, na palikuwa na mtu aliyeketi akaifanyia kazi. Na haya yalikuwa msikitini. Leo mtoto akiingia humu na gari lake la waya, huwa tunamfukuza sote kwa pamoja kama kwamba tumeambizana.

Sasa yule aliyeuliza juu ya njaa. Hoja yake naikubali nusu, na nusu hiyo ni kubwa. Mwanasesere wa Ashura alikuwa na futari nyuma yake. Wale kina mama hawakumpa mtoto sufu badala ya tende. Walimpa sufu ili aifikie tende. Jua likizama, chakula kilikuwapo. Kwa hiyo atakayekwenda kwenye kituo cha yatima chenye ghala tupu na kapu la midoli mikononi, akarudi nyumbani ameridhika, huyo hakuifuata sunna ya Bi Rubayyi, ameichukua nusu yake nyepesi. Mchele kwanza, au mchele pamoja. Nimemwambia hivyo ndugu yetu aliyeuliza, na nimemwomba asimamie mfuko wa mchele, naye amekubali. Mwenyezi Mungu amlipe.

Lakini na nusu ya pili tuiseme. Desemba 2023, matope yalipoporomoka kutoka Mlima Hanang yakafukia sehemu ya mji wa Katesh, watu wa nchi hii walitoa. Walitoa unga, magodoro, mablanketi na fedha, kila mmoja kwa alichonacho, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Mtoto aliyetolewa kwenye nyumba iliyojaa tope anahitaji hayo yote. Hata hivyo usiku ukiingia, blanketi ni la wote, godoro wamelala wanne, sufuria ni ya kambi. Hakuna kitu ambacho mtoto yule anaweza kukikumbatia akasema hiki changu. Mtu mzima akipoteza vitu vyake hutafuta karatasi zake: hati ya kiwanja, cheti, kitambulisho. Mtoto hana karatasi. Alichokuwa nacho ni kile alichokuwa akikichezea, na hicho hakuna anayekiandika kwenye orodha ya mali zilizopotea.

Suratudh Dhuha inatukataza kumwonea yatima. Tumezoea kudhani kumwonea ni kula mali yake tu, au kumpiga. Mimi naona, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba kumfanya mtoto kuwa tumbo tu, la kujazwa ubwabwa mara moja kwa mwezi mbele ya wageni, nako kuna harufu ya uonevu.

Nije kwa aliyeuliza habari ya sanamu. Swali lake ni la dini na lina haki ya kujibiwa bila ya kubezwa. Makatazo ya kuchonga na kutengeneza sura za viumbe yapo, ni sahihi, na hatuyapunguzi. Lakini Bi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere nyumbani kwa Mtume, na alikuwa akicheza na wenzake; wenzake wakimwona Mtume anaingia hujificha kwa haya, naye huwarudisha waendelee kucheza naye. Haya yamo katika Bukhari na Muslim. Katika Abu Daud imo ya upepo uliofunua pazia, Mtume akaona kati ya wanasesere wale farasi mwenye mabawa mawili ya vipande vya nguo. Akauliza, farasi ana mabawa? Bi Aisha akamjibu: kwani hukusikia kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa? Mtume akacheka mpaka magego yakaonekana. Imamu Nawawi, ambaye sisi Mashafii tumekua na vitabu vyake, katika kuisherehesha Sahihi Muslim anamnukuu Kadhi Iyadh kwamba vitu hivi vya kuchezea watoto vimetolewa katika yale makatazo, na kwamba wanazuoni wameruhusu hata kuviuza na kuvinunua. Anataja pia kuwa wapo walioona ruhusa hiyo imefutwa. Kwa hiyo mwenye kuchukua kauli ya ukali tusimwite mjinga, na mwenye kuchukua ruhusa tusimwite mwabudu masanamu. Kwa kina mama ambao nyoyo zao hazijatulia kuna njia rahisi: mfume samaki, punda, au mwanasesere, bila ya macho wala mdomo. Mtoto mwenyewe atamtilia sura kichwani mwake. Hilo watoto hawajawahi kushindwa.

Na tusidhani haya ni ya wasichana tu. Mdogo wake Anas bin Malik, Abu Umayr, alikuwa na kindege cha kuchezea kikafa, naye akahuzunika. Mtume akamwuliza habari za kindege chake kwa maneno ya mzaha wenye vina, akimwita kwa kuniya yake kama mtu mzima. Kiongozi wa umma anauliza habari ya kindege! Wodini watoto wa kiume ni wengi, wamevunjika miguu, wameungua, na siku ya hospitali ni ndefu. Tembo aliyefumwa anawafaa vilevile.

Sasa niseme kidogo juu ya kazi yenyewe, maana kuna mambo ambayo nia njema peke yake haiyamalizi. Nimejifunza kwa kuwasikiliza kina mama.

Kumfuma ni rahisi kwa mwenye kuanza. Hufumwa kipande cha mstatili, mshono ule ule mmoja wa mwanzo, kikakunjwa, kikashonwa ubavuni, kikajazwa, kisha uzi unapitishwa shingoni na kukazwa: kichwa kimetokea. Mikono na miguu hutengwa kwa kushona mstari. Anayejua kroshia atafanya kwa kroshia. Ufumaji uwe wa kubana, usitoe matundu, kwani mtoto ataingiza kidole na kutoa pamba yote. Macho yadariziwe kwa uzi. Vifungo na shanga, hapana; mtoto mdogo huvinyofoa na kuvimeza, na sadaka ikawa msiba. Tena sufi ya msufi, ingawa iko mlangoni petu na mito yetu imejaa hiyo, haifai hapa: ikilowa huganda mabonge, na kitu cha mtoto mgonjwa lazima kifuliwe mara kwa mara. Tumieni pamba ile nyeupe ya mito ya dukani.

Uzi ni ghali, hilo kweli. Lakini mabelo ya mitumba huja na masweta ya baridi ya Ulaya, na nani atalivaa sweta zito Tanga mwezi wa Januari? Huuzwa kwa bei ya kutupa. Kina mama wanajua kulichagua: lile ambalo vipande vyake vilifumwa kwa umbo hufumuka uzi mmoja mrefu, na lile lililokatwa kwa mkasi kiwandani hutoa vipande vifupi visivyo na faida. Uzi unafuliwa, unaanikwa ukiwa umezungushiwa mgongo wa kiti ili unyooke, kisha unaviringwa donge. Mwanasesere anayetoka hapo ni mpya kabisa.

Nasisitiza upya huo kwa sababu ya Suratul Baqara, aya ya 267, inayotukataza kukusudia kibaya tukitoe, kitu ambacho sisi wenyewe tungepewa tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Yako majumbani mwetu madubu yaliyokatika masikio, yamelaliwa na paka. Mtu husema, mpe yatima. Kwa nini yatima? Kama mwanao wa kumzaa hamtaki dubu huyo, yatima naye ana pua na macho. Hospitalini jambo hili ni la usalama pia. Mtoto anayetibiwa saratani kinga yake iko chini, na aliyeungua ana majeraha wazi. Kitu kichafu kinaweza kumletea maradhi juu ya maradhi. Zungumzeni na muuguzi mkuu wa wodi kwanza. Akisema wodi hii haipokei vitu vya manyoya na pamba, itikieni, mpeleke wodi nyingine. Yeye ndiye anayekesha na watoto wale.

Alikuwako mama mmoja wa Kanada, Carol Isfeld, aliyekuwa na mwana mwanajeshi katika vikosi vya kulinda amani, Mark. Mama alikuwa akimfumia wanasesere wadogo wa kutosha mfukoni, naye akiwagawia watoto wa vitani. Mark aliuawa na bomu la ardhini huko Kroatia mwaka 1994. Mama hakuweka sindano chini. Wenzake Mark walichukua wanasesere wale wakawagawia watoto, wakawapa jina la utani la mwanawe, na wafumaji wengi wakaingia katika kazi ile. Huyu si wa dini yetu, na simtaji ili tuoneane haya. Namtaja kwa sababu mama aliyefiwa na mwana alikumbuka watoto wa watu, na katika sisi wapo walio na afya, wana na wajukuu, na bado hawajakumbuka.

Na katika mama zetu waumini tunaye Bi Zaynab bint Jahsh (r.a.). Mtume aliwaambia wakeze kwamba atakayemfuata mapema zaidi ni mwenye mkono mrefu kuliko wote, nao wakawa wanapimana mikono. Alipotangulia kufa Bi Zaynab, wakafahamu: urefu ulikuwa wa kutoa. Alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake, akitengeneza ngozi na kushona, na kipato chake akikitoa sadaka. Mke wa Mtume, na vidole vimechubuka.

Wanaume msichukue haya kuwa habari ya nyuma ya pazia. Kofia za mkono mlizovaa, za Lamu na za Unguja, hukaa mikononi mwa mshonaji wiki kwa wiki, tundu kwa tundu, na wako wanaume hodari wa kazi hiyo. Mtume mwenyewe nyumbani kwake alikuwa akishona nguo zake na kutengeneza viatu vyake. Basi anayejua kushika sindano asione haya, na asiyejua anunue sweta la mtumba.

Mambo mawili ya adabu, na nitakuwa mkali kidogo.

La kwanza ni picha. Siku hizi mtu hawezi kutoa kilo ya sukari bila ya simu kunyanyuliwa. Yatima anapangwa mstari, anaambiwa ashike mdoli juu, atabasamu, arudie, jua limempiga machoni. Picha inasambaa, na mwakani akienda shule wenzake wanamwita yule wa msaada. Aya ya 264 ya Suratul Baqara imetukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia, na mimi sioni udhia ulio wazi kuliko huu. Atakayekwenda nasi ataiacha simu nyumbani. Wafadhili wanaotaka ushahidi watapewa risiti za mchele.

La pili ni ahadi. Tunaingia kituoni, tunacheka na watoto, tunasema tutarudi wiki ijayo inshallah, na ile inshallah tunaitia kama mlango wa kutokea. Mtoto anahesabu siku. Katika Abu Daud, Abdullah bin Amir anasimulia kwamba alipokuwa mdogo mama yake alimwita aje ampe kitu. Mtume akamwuliza mama alikusudia kumpa nini, akasema tende, naye akamwambia kwamba lau asingempa kitu angeandikiwa uongo. Uongo kwa tende moja! Na katika Suratun Nahl, aya ya 92, wanaovunja ahadi wamepigiwa mfano wa mwanamke anayeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Kina mama mnaofuma mnajua uchungu wa jambo hilo. Afadhali kumwambia mtoto hatujui lini tutarudi kuliko kumpa tarehe ya uongo pamoja na tembo mzuri.

Na lisichanganywe: mwanasesere si zaka. Zaka ina hesabu yake na watu wake wanane waliotajwa katika Suratut Tawba, na haitolewi kwa tembo wa uzi. Wala sitawaambia kuwa hii ni sadaka inayodumu milele. Uzi huchakaa, na mtoto hukua akamsahau mwanasesere wake. Hii ni sadaka ndogo. Ni kama ile sufu ya Ashura: ya mchana mmoja, kwa kilio kimoja.

Basi, nyuzi na masweta yanapokelewa mlango wa kina mama kila siku baada ya alasiri. Wafumaji wapya watafundishwa, hata wasichana wa madrasa. Mchele na maharage yaletwe kwa ndugu yetu anayesimamia mfuko wa mchele, atakuwa kibarazani sasa hivi baada ya swala. Wodini tutakwenda watu wachache tu, kwa saa aliyoitoa muuguzi mkuu, na vitu vyote viwe vimefuliwa na kukaushwa siku mbili kabla. Mwenye guta la kubebea mizigo aonane nami.